Bomba la Inchi Nne kwa Mama Mkwe

Kazi yangu huanza kabla nyumba haijawa nyumba. Watu wakishachimba msingi na mawe yakianza kupangwa, mimi huitwa nije niseme mabomba yapite wapi: maji safi yaingilie upande gani na maji machafu yatokee upande gani. Hapo ndipo ninapouliza swali langu la kwanza, na huwa naliuliza bila kupepesa macho. Choo kitakaa wapi? Nimewauliza masheikh, nimewauliza mapadri, nimemuuliza bibi harusi mbele ya mawifi zake. Watu wa Korogwe wamenizoea. Wananionyesha kona, wananiambia wako wangapi ndani ya nyumba, na wengine nisipowakatiza wananieleza mpaka matatizo yao ya tumbo. Fundi bomba haonewi aibu, sawa na daktari.

Nyumba moja tu ndiyo iliyonishinda kuuliza, na ilikuwa nyumba ya mama mkwe wangu, kijijini Sindeni.

Inabidi niseme kwanza nilikotoka, maana bila hivyo mtu atadhani nilizaliwa na adabu hizi. Mimi ni mjukuu wa manamba. Babu aliletwa kukata mkonge na hakurudi kwao, baba yangu akazaliwa kwenye kambi ya shamba, na mimi vilevile. Kambini tulikaa kwenye nyumba za mstari mmoja, chumba kwa chumba, na vyoo vilikuwa mwisho wa mstari, vya wote. Waislamu kwa Wakristo, watu wa kila kabila, asubuhi tulipanga foleni na makopo mkononi tukiulizana habari za watoto. Aliyechelewa kutoka alitaniwa mpaka jioni. Sikuwahi kujua kwamba kwenda chooni ni jambo la kufichwa mpaka nilipooa Uziguani.

Mara ya kwanza kwenda ukweni baada ya ndoa nilipewa uji mwingi, nikaumaliza wote kwa heshima, na baada ya muda nikasimama uani nikaomba kopo la maji. Niliomba kwa sauti, kama nilivyozoea. Mama mkwe alikuwa anapeta kunde kando ya jiko. Aliweka ungo chini, akajifunika kanga mpaka puani, akaingia jikoni, na hakutoka tena mpaka nilipoaga. Mke wangu alinivuta pembeni akanieleza kwamba mkwe hamwoni mkwe akielekea huko. Mama hatakiwi kujua kama mimi nina tumbo, na mimi sitakiwi kujua kama yeye analo. Nilicheka. Yeye hakucheka hata kidogo, akaniuliza taratibu kama sioni soni.

Neno hilo lilinikaa. Niliibeba soni ya kwao kama mtu aliyesilimu ukubwani, kwa bidii kuliko waliozaliwa nayo. Tangu hapo kila nikiwa Sindeni na haja ikanishika, nilisema naenda dukani kununua vocha, nikatembea mpaka msikitini, nikatumia choo cha pale, nikarudi nimeweka uso wa mtu aliyetoka dukani. Kwa vocha nilizosingizia kununua, ningeweza kuipigia simu dunia nzima. Nisichokijua wakati huo ni kwamba na yeye alikuwa na mbinu zake. Nikiwa uani, mama mkwe hakwenda popote. Alikaa ndani akinisubiri niende kwenye vocha zangu.

Basi ikafika zamu ya kujenga. Nyumba ya udongo aliyokuwa akiishi ilikuwa imeanza kuegemea upande mmoja, na watoto wake wakakubaliana wamjengee ya matofali. Kaka wa mke wangu, shemeji yangu, ndiye aliyesimamia mafundi. Mimi niliachiwa upande wa maji. Maji ya bomba yalikuwa yamefika jirani na kiwanja, na mtu anayeijua Handeni hahitaji kuambiwa hilo ni jambo kubwa kiasi gani. Mama mwenyewe alisema anataka bomba jikoni, akalisema waziwazi, mbele yangu, akiwa amegeuzia uso upande wa ukuta. Bomba la jikoni halina soni.

Nilifika siku mawe ya msingi yalipokuwa yamefika usawa wa goti. Nilibeba mabomba membamba ya maji safi na bomba moja nene la kijivu, la inchi nne. Nikamwita mke wangu kando nikamwomba amuulize mama choo cha ndani akitaka upande gani. Akaingia jikoni. Nilimsikia akiongea Kizigua kwa sauti ya chini, kisha nikasikia kifuniko cha sufuria. Alipotoka akaniambia mama anasema choo kipo.

Kilikuwepo kweli. Kilikuwa mwisho wa kiwanja, ukipita mihogo, kibanda cha miti na bati juu ya shimo lililochimbwa na marehemu mumewe. Mama wakati huo alikuwa na nguvu zake, akitembea kwa mguu mpaka Misima na kurudi, na njia ya kwenda kwenye kibanda kile haikuwa kitu kwake. Lakini mimi ni fundi, na fundi anajenga kwa ajili ya miguu ya miaka ijayo. Nikamfuata shemeji. Nikamzungukia kwa maneno, nikataja uzee, nikataja mvua, nikataja nyumba za kisasa. Alilitazama jiwe moja kwa muda mrefu mno, akaniambia kwamba mimi ndiye fundi. Nikajua na yeye hawezi kuzungumza na mume wa dada yake habari za choo cha mama yao.

Nikaamua kufanya bila kuuliza. Ni kazi ndogo mawe yakiwa bado yanapangwa. Unaacha nafasi ukutani, unapitisha kwanza kipande cha bomba pana, ndani yake unapitisha bomba lako, ili siku msingi ukitulia na kushuka kidogo uzito wake usilivunje. Unaziba mdomo wake na kufukia. Wakitaka choo baadaye, njia ipo. Wasipotaka, halili wala halinywi. Ila ukishamwaga sakafu bila kuacha njia, baadaye ni kubomoa. Nikachagua kona ya nyuma, upande wa chumba chake cha kulala, nikapiga magoti na kuanza kulipachika.

Mama mkwe akatokea na sufuria ya uji wa mafundi.

Bomba la maji ya kunywa ni jembamba, linaweza kwenda popote na mtu asiulize. Bomba la inchi nne lina kazi moja, na kila mtu anaijua. Alilitazama bomba, akatazama lilikoelekea, akatazama mpaka wa chumba chake uliochorwa kwa kamba, na mwisho akanitazama mimi niliyepiga magoti nalo mikononi. Sufuria akaiweka juu ya lundo la mchanga. Akajifunika, akageuka, akaenda. Mafundi wakainamia mawe yao. Mmoja akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua.

Joto lilinipanda kuanzia shingoni. Nilijisikia kama nimefungua mlango wa chumba chake na kumkuta humo. Nikalivuta bomba kwa mikono, zege likiwa bado bichi, nikamwambia mwashi aweke jiwe pale. Akaniuliza kama nina uhakika. Nikamjibu kwa ukali afanye kazi yake na mimi nifanye yangu. Akaweka jiwe. Sakafu ikamwagwa, kuta zikapanda, bati likapigwa, na bomba lile nikarudi nalo Korogwe nikalifunga kwenye nyumba ya mtu ambaye hata jina lake sikulishika.

Nyumba ilipendeza. Bomba la jikoni lilisifiwa na majirani, na mama mkwe alinitumia kuku kupitia kwa binti yake, na salamu ndefu. Nilimla yule kuku. Lakini kila nilipopita nyuma ya nyumba ile, macho yangu yalikwenda kwenye kona.

Halafu masika moja yakawa makali. Udongo wa kule ukilowa ni sabuni tupu, na mama aliteleza kwenye njia ya mihogo akaangukia nyonga. Alilazwa, akatibiwa, akatoka na mkongojo. Tulimwomba aje akae kwetu Korogwe, akakataa kabisa, na sikuwa na haja ya kuuliza sababu. Kwetu choo kiko ndani, na mimi niko ndani.

Mke wangu akawa anakwenda Sindeni mara kwa mara. Kila akirudi alikuwa mnyamavu zaidi, mpaka siku moja tukiwa mezani akasema. Mama ameacha kunywa. Chai anaigusa kwa midomo tu na kuirudisha. Maji akipewa anasema hana kiu. Anajizuia mpaka apatikane mtu wa kumshika mkono kumpeleka kule kwenye kibanda, na mtu huyo lazima awe mwanamke, na lazima awe wa damu yake. Sasa mkojo unamchoma. Muuguzi alimwambia anywe maji mengi, akakubali kwa adabu zote, akarudi nyumbani akafunga mdomo.

"Mama anakauka," mke wangu akasema. "Anakauka kwa ajili ya soni yenu nyie wawili. Na wewe ni fundi."

Wateja wamewahi kuniita majina mengi, mengine nilistahili. Hakuna lililowahi kunichoma kama hilo la kuitwa fundi. Nilikaa na tonge mkononi, nikiwa naona jiwe lile lilipokaa na bomba lilipotakiwa kupita. Nikajaribu ujanja wa mwisho, nikasema nitamtafutia fundi mwingine, asiye mkwe, ninawafahamu wengi wazuri. Akaniambia nikimpeleka mwingine, Sindeni nzima itauliza kwa nini mwenye kazi hakuifanya, na jibu lake mama atalisikia kila kona. Nikanawa mikono. Kesho yake nikafunga tindo na nyundo kwenye gari la mahindi.

Tulitengeneza uongo wa pamoja, na sijawahi kuona uongo uliokubaliwa na watu wengi hivyo. Ilisemwa kwamba bomba la jikoni linavuja na fundi amekuja kuliangalia. Kwa ajili ya bomba linalovuja, mama mkwe alihamishiwa kwa dada yake kule Kwedizinga akiwa na kanga na nguo zake za siku kadhaa, na hakuuliza neno. Mtaro niliouchimba nyuma ya nyumba, shemeji aliwaambia watu ni wa maji ya mvua. Jirani mmoja akauliza kama sasa mvua itakuwa inanyesha chumbani. Shemeji akasema ndiyo teknolojia ya siku hizi.

Kutindua msingi uliosimama si kama kuacha njia kwenye msingi mchanga. Huwezi kupiga kwa hasira, na mimi nilikuwa na hasira. Ukuta wote uko juu yako. Unatoa kipande, unasubiri, unatazama juu kama kuna ufa, unatoa kingine. Jiwe nililoliagiza mwenyewe ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, maana mwashi yule alilifunga vizuri. Nililitoa vipande vipande nikiwa nimelala ubavu kwenye mtaro, vumbi likiniingia masikioni, na kila nilipopiga nilijua kwamba kazi hii yote ingeweza kuwa asubuhi moja tu, kama ningekuwa na uso mgumu zaidi. Nikapitisha bomba pana, ndani yake bomba lenyewe, nikaweka pima maji juu yake na kuhakikisha linashuka sawasawa mpaka kwenye chemba, lile shimo dogo la kukagulia, na kutoka pale mpaka kwenye karo, shimo kubwa la maji machafu.

Ndani nikakata kona ya chumba chake, nikamjengea kijumba kidogo chenye choo cha kukaa, sakafu nikaiacha na mikwaruzo asije akateleza tena. Nilipofika kwenye chuma cha kushikilia ukutani ndipo soni iliponikamata barabara. Kujua urefu wa kukifunga kile chuma, ilibidi nimfikirie mama mkwe amekaa pale, mkono wake ufike wapi. Niliweka kidrili chini nikaenda kusimama kwenye mihogo, mtu mzima, fundi wa miaka yote hiyo. Mwishowe nikamwita mke wangu akae yeye, ajifanye ana nyonga mbovu, anyooshe mkono. Nikachora alama pale mkono wake ulipogusa, nikiwa natazama alama tu.

Mama akarudishwa. Akaambiwa bomba limepona. Akashukuru. Na choo hakukitumia.

Nilibaki Sindeni kwa kisingizio cha kumwagilia saruji ya mfuniko wa chemba, ili ikauke vizuri. Ukweli ni kwamba nilitaka kujua kama kazi yangu inafanya kazi, na huo ni ugonjwa wa mafundi wote. Mke wangu ndiye aliyeniambia kinachoendelea. Mama analitazama lile pazia la kijumba kutwa. Anainuka, anasikia nyayo zangu uani, anakaa tena. Jana yake mke wangu alimkuta ameshika mkongojo akielekea kwenye mihogo, utelezi vilevile. Akanishauri nirudi Korogwe. Nikamwambia nitarudi mfuniko ukishakauka. Nilisema hivyo kwa ubishi tu, na ubishi wangu ulikuwa umefika mahali pa aibu.

Siku iliyofuata kulikuwa na msiba nyumba za mbele. Wanawake wote walikwenda, na mke wangu naye akaenda mara moja kutoa pole, akijua mama amelala. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya nyumba nikimwagia mfuniko maji.

"Baba."

Nikadhani mama mkwe anaita mtu mwingine. Miaka yote ya ndoa yangu hajawahi kuniita bila mtu kati yetu. Alikuwa akisema mwambieni baba, muulizeni baba, hata nikiwa nimesimama hatua chache kutoka kwake. Akaita tena. Nikaingia sebuleni, macho sakafuni. Alikuwa kwenye mlango wa chumba chake, ameshika fremu kwa mikono miwili, mkongojo umemwangukia mbali. Niliona miguu yake tu, na ilikuwa inatetemeka.

Nikasema nakimbia kumwita binti yake, ni hapo mbele tu. Nilikuwa nimeshageuka.

"Soni tutaiona kesho, baba," akasema. "Sasa nishike."

Nikamshika. Sikujua mwili wake umepungua kiasi kile. Kwenye kanga zote zile kulikuwa na mtu mdogo. Tulikwenda taratibu, yeye akitazama mbele na mimi nikitazama ukuta. Nilipata uchungu ambao sikuutarajia, wa kumwona mtu aliyejistahi maisha yake yote akilazimika kumchagua mtu wa mwisho ambaye angemchagua. Nikauweka mkono wake kwenye kile chuma. Ulifika. Nikarudisha pazia, nikatoka chumbani, nikatoka sebuleni, nikatoka nje kabisa mpaka nyuma, na pale nikachukua nyundo nikaanza kuugonga mfuniko wa chemba, ambao haukuwa na tatizo lolote, kwa nguvu, ili asije akadhani kwamba nasikia.

Niligonga mpaka kona ya mfuniko ikamong'onyoka. Kisha, katikati ya pigo na pigo, nikasikia maji yakipita chini yake, kutoka msingini kwenda karoni, bila kusita. Nikaweka nyundo chini. Aliponiita nikarudi, nikamshika, nikamfikisha kitandani, nikamwokotea mkongojo.

Na kesho yake tuliiona kweli. Nilipomwamkia shikamoo, niliuamkia mwimo wa mlango, na yeye akaitikia marahaba akiwa amegeukia dirisha, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi. Chakula changu nilikwenda kukilia nyuma ya jiko. Mke wangu akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaniuliza jana kulitokea nini, na kwa nini mfuniko mpya umevunjika. Nikamwambia simenti ilikuwa mbovu. Akamimina chai, akampelekea mama yake chumbani, na mimi nikiwa palepale nyuma ya jiko, nikiona soni mpaka ya kumeza mate, nikamsikia mama akinywa, kisha akiomba aongezewe.